Bure kwa Siku Tatu

Kwenye kundi letu la simu la waandishi tunaojichapia wenyewe, Krismasi ikikaribia hakukaliki. "Sikukuu ndiyo mavuno yetu," anaandika msimamizi. "Andaa ofa, andaa tangazo. Mtu ameshiba pilau, yuko nyumbani, anatafuta cha kusoma kwenye simu yake." Wenzangu wanapiga makofi ya vikatuni. Mmoja anauliza kama ofa moja itatosha Krismasi na Mwaka Mpya. Mwingine ameshatengeneza tangazo lenye nyota na taa za rangi. Mimi nasoma, naiweka simu kifudifudi mezani, naendelea kupinda suruali ya watu.

Juzi msimamizi alinifuata pembeni. "Dada yangu, mbona umepoa? Wewe ndiye tunayekutolea mfano. Lile tangazo lako la Iddi lilitembea mpaka likavuka mpaka." Nikamjibu kwamba ni kweli, lilitembea. Yeye yuko Dar es Salaam, mtu mwema, hajawahi kufika Kigoma, na ushauri wake ulikuwa wa nia safi. Ningemwambia nini? Habari yenyewe ni ndefu, haiingii kwenye ujumbe wa simu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina fremu ya kushonea Gungu, hapa Kigoma, barabarani kabisa, na najua mnavyotusema mafundi, kwamba siku Mungu alipogawa maneno sisi tuliokota moja tu, "kesho." Semeni tu, nimezoea. Ila ndani ya fremu ile ile, umeme ukikatika au mteja akichelewa kuleta kitambaa, niliandika kitabu kizima kwa kidole gumba. Ni hadithi ya mwanamke anayeanika dagaa ufukweni na kusomesha watoto ambao darasani hakuna anayetaka kukaa nao kwa harufu. Mwanamke huyo ni mama yangu, nusu. Nusu iliyobaki nimetia chumvi, ndiyo kazi yenyewe. Wachapaji wa karatasi walinizungusha nikachoka, nikakitoa mwenyewe, kitabu cha simu. Kwenye jalada nikaweka picha ya mama ya ujanani, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa studio Ujiji. Amejifunga khanga, anaikazia macho kamera kana kwamba imemtukana.

Kikakaa. Nisiseme uongo, mwalimu mmoja wa Kasulu alikinunua, na mwanamke mmoja wa kundini ambaye nami nilinunua cha kwake. Basi. Hakuna kitu kinachoumiza kama kumtumia shoga yako linki ya kitabu chako, akakujibu "hongera mwaya," halafu hapo hapo akakuuliza gauni lake limefikia wapi. Nililia siku moja, huku nashona. Machozi yakadondokea satini ya watu, ikaacha doa, nikaitwa mzembe juu yake.

Sasa huyo mama yangu. Mwaka mmoja kabla ya haya alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakawa yanatoka moja moja, kila moja anahangaika nalo. Alikuwa akikaa Ujiji, kwenye nyumba yetu ya zamani, na dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akimhudumia. Kila Ijumaa nilipanda bodaboda nikaenda kumtazama. Na kila Ijumaa, kabla hajaniuliza habari za watoto, ataniuliza: "Mdogo wangu amepiga?"

Hajapiga, mama. Hakuwahi kupiga.

Huyo mdogo wake, mama yangu mdogo, ameolewa kijiji cha kusini, huko ambako boti ya abiria inatoka jioni na kufika hapa asubuhi. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Bibi alipofariki, mama mdogo alipewa habari akapanda boti siku hiyo hiyo. Injini ikazima katikati ya safari, wakakaa ziwani wanaelea. Huku kwetu maiti haingojewi, Waislamu mnajua, na mama kama mkubwa aliulizwa na masheikh akasema, "Mzikeni." Mama mdogo akafika akakuta kaburi limeshamwagiwa maji. Alisimama katikati ya ua, nguo zimelowa, akamwelekezea mama kidole. "Mmemfukia mama yangu kama paka," akasema. "Siku nitakayokanyaga tena nyumba hii nitakuwa nimekuja kukuosha wewe, umelala ubaoni." Akageuka akaenda zake, hata maji hakunywa.

Tusi kubwa hilo. Mtu mwingine angekufa nalo. Mama yangu alilichukua akalifuga, na kadiri alivyozeeka lile tusi akaligeuza ahadi. "Alisema atakuja kuniosha," alikuwa akituambia. "Basi aje anioshe. Mimi ndiye niliyemwogesha ziwani tangu hajui kutambaa." Kiharusi kilipompata ikawa ndiyo haja yake ya pekee. Hakutaka kingine duniani. Dada alimkatisha kila mara, "Mama, acha kutaja ubao wa maiti tunakula." Mama atatafuna polepole, halafu aseme tena.

Ramadhani ikaingia. Kwa fundi cherehani Ramadhani ni vita. Magauni, kanzu za watoto, madera, kila mtu anataka avae kipya siku ya Iddi na kila mtu ameleta kitambaa wiki ya mwisho. Huku navuta uzi, huku msimamizi wa kundi anatuhimiza: sikukuu hiyo, toeni vitabu bure siku tatu watu wawaonje, wakinogewa watanunua kijacho. Nikaona isiwe tabu. Mchana wa siku ya ishirini na tisa nikatengeneza tangazo kwenye simu. Kulikuwa na mapambo ya Iddi tayari, mwezi mwandamo na minara ya msikiti, nikaweka. Katikati nikaweka jalada, yaani picha ya mama. Juu nikaandika: KWA HESHIMA YA MAMA YANGU. Chini: Katika siku hizi tukufu kitabu hiki kinatolewa BURE kwa siku tatu. Kipokee, kisome, mpe na mwenzio. Nikasambaza kila kundi nililomo, la ukoo, la mtaa, la wateja, la waliosoma nami, nikarudi kwenye kanzu.

Haikupita saa nzima akaingia mteja wangu mmoja, Muha wa hapa hapa Gungu, mwanamke ambaye kwa gauni lake la Iddi alikuwa amenisumbua wiki mbili. Nikajiandaa kutukanwa. Akanikumbatia nimeshika mkasi. "Gauni lisikutie wasiwasi, mwanangu," akasema, machozi yanamlengalenga. "Liache kabisa. Iddi zitakuja nyingine." Jamani! Mteja wa Iddi kusema nguo isubiri! Nikajua kuna jambo. Nikamuuliza kulikoni, akanishika shavu. "Jikaze. Umemfanyia mama yako jambo kubwa. Sadaka hiyo itamfikia."

Nikaichukua simu. Nilikuta Inna lillahi juu ya Inna lillahi. Kundi la ukoo limejaa. Mjomba wa Tabora anauliza kama mazishi yameshafanyika. Binamu aliyevuka kuishi Uvira anasema amelia mpaka nusura afungue saumu kwa machozi. Mwingine, huyo sitamsahau, amekifungua kitabu, amefika pale msichana anapokutana na nahodha wa boti nyuma ya vichanja vya dagaa, na anauliza kwa adabu: "Dada, samahani, dua ziko ukurasa wa ngapi?"

Ndipo nikalitazama tangazo langu kwa macho ya Ujiji. Kwetu kitabu cha bure kipo cha aina moja tu. Mtu akifiwa, akiwa na uwezo, anachapisha vijitabu vya Yasini na dua, nyuma kuna jina la marehemu, vinagawiwa msikitini ili thawabu zimfikie. Tumekua navyo makabatini. Na siku tatu kwetu ni siku za matanga. Ongeza picha nyeusi na nyeupe, ongeza minara, ongeza mama ambaye mtaa mzima unajua ni mgonjwa. Wewe ungeelewa nini? Hata mimi leo nikiliona lile tangazo natoa rambirambi.

Nikafuta. Kufuta gani! Lilikuwa limeshapelekwa mbele na watu nisiowajua. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mama yangu ni mzima, hajafa. Watu wakajibu: "Mashaallah, kweli wazazi wetu hawafi." Nikaandika tena kwamba kile ni kitabu cha hadithi. Mmoja akanijibu kwamba huzuni huja kwa namna nyingi na nisijilaumu. Katikati ya balaa hilo msimamizi wa kundi akaniandikia: "Dada, linatembea! Watu wanashusha kitabu kama maji! Nini siri yako?" Siri yangu! Nilitamani niitupe simu chooni.

Nikafunga fremu, nguo za watu nusu zimeshonwa, nikapanda bodaboda mpaka Ujiji. Muda wa kufuturu ulikuwa umekaribia na uani kwetu wanawake walikuwa wameshatandika mikeka. Wengine wamekuja na unga, wengine sukari. Dada alinipokea mlangoni ameshika upawa wa uji na nilidhani atanitwanga nao. "Umemuua mama kwa simu!" akanong'ona, mate yananirukia. "Nimewaambia amelala tu, hawaniamini. Wanasema nimechanganyikiwa kwa msiba."

"Na mwenyewe amejua?"

"Nimemwambia wamekuja kumpa mkono wa Iddi."

Niliingia chumbani. Daktari alituonya kwamba presha ikimpanda ghafla ndiyo basi. Mama alikuwa amekaa kitandani ameegemea mito, macho makavu, anasikiliza sauti za uani. "Mkono wa Iddi," akasema taratibu, "mwezi haujaonekana." Hakuwahi kudanganyika, ujanani wala uzeeni. Nikapiga magoti nikamweleza yote: kitabu, picha, tangazo, bure. Kitabu chenyewe hakuwa amejua kama kipo. Nilikuwa nangoja Iddi nimsomee, iwe zawadi.

Niliogopa atalia, au atashika kifua. Alijivuta kidogo kwenye mito. Halafu akauliza: "Mdogo wangu ameambiwa?"

Ndilo lililokuwa swali lake la kwanza kuhusu kifo chake mwenyewe. Nikatoka nje nikapiga simu. Mama mdogo ana simu ndogo ya vitufe, haikupatikana. Nikampigia mkwe wake, mke wa mwanawe, ambaye ana simu kubwa na yumo kwenye kundi la ukoo. Akapokea analia. Alimwonyesha mama mkwe tangazo alasiri, akasema, na mwenyewe hakuuliza neno. Alijifunga khanga mbili akakimbilia ziwani, kulikuwa na boti inayoleta mizigo ya Iddi. "Ameshaondoka, dada. Alisema safari hii hamtazika bila yeye."

Nilirudi nikamwambia mama. Dada alinifinya mkono nisiseme, nikasema. Nilitegemea atasikitika. Uso wake, ule upande unaosogea, ulisogea. "Nioge," akasema. "Nivae ile khanga mpya." Usiku ule mwezi ukaandama, watoto wakapiga kelele mtaani, na ndani ya nyumba yetu mgonjwa akakataa kulala.

Asubuhi ya Iddi takbira zilikuwa bado zinasikika msikitini tuliposikia sauti kutoka upande wa mwalo, pale boti zinapoegesha. Sauti ya mwanamke anayelia anatembea. Mlio wa msiba unaujua hata ukiwa usingizini. "Dada yangu wee! Dada yangu umeniacha na nani! Dada, niitikie!" Inakaribia, inapita nyumba kwa nyumba, na watu waliovaa vipya vyao wanatoka kuchungulia. Nikainuka ili nimzuie, nimweleze kabla hajaaibika. Mama akanishika mkono kwa mkono wake mzima. Sikujua bado ana nguvu zile.

"Mwacheni alie."

"Mama, anadhani umekufa!"

"Mwacheni. Alie."

Tukakaa. Dada kasimama mlangoni, mimi nimepiga magoti, mama ameinua kidevu, midomo yake inachezacheza nikadhani anasoma dua. Mama mdogo alifika uani akajitupa chini. Alilia kwa kumtaja dada yake moja moja: dada aliyembeba mgongoni, dada aliyempiga kofi kwa kuiba samaki, mgebuka wa kuchoma, dada aliyemfundisha kusuka. Alilia kwamba kiburi kimemla miaka yote. "Dada yangu wee!" Hata kitabuni sikuwahi kuandika maneno kama yale, na nilijua hivyo wakati ule ule, na nikajichukia kwa kuwaza kitabu.

Halafu akainuka, akaingia chumbani amekunja mikono ya gauni tayari kwa kazi. Akamkuta marehemu ameegemea mito, khanga mpya, anamtazama.

Mama mdogo alimtazama mama, akanitazama mimi, akamtazama dada. Uso wake ulipita kwenye furaha, naapa nimeiona furaha, lakini haikukaa. "Ulikuwa unanisikiliza," akasema. Mama akafungua mdomo na neno likakataa kutoka, lilikwama kama yalivyokuwa yakikwama. "Umekaa hapo unanisikiliza nagaagaa mavumbini, mtaa mzima unanicheka, siku ya Iddi. Bado hujaacha kuniona mtoto."

"Mama mdogo, ni kosa langu," nikasema, "ni tangazo la kitabu..."

"Kitabu!" Akacheka kicheko kibaya. "Mmenivua nguo kwa ajili ya kitabu." Akashusha mikono ya gauni lake. Mama alinyoosha ule mkono mzima. Mama mdogo akauona, nina hakika aliuona, akatoka. Nilimkimbilia mpaka mwalo nikimsihi. Kanisimamisha mbele ya wapakuzi wa dagaa. "Mwambie mama yako mchezo huu unachezwa mara moja tu," akasema, akapanda boti akakaa akinipa mgongo.

Iddi ile hatukupika pilau. Wanawake wa uani walikunja mikeka yao kimya kimya, na unga wao wakatuachia, maana aibu ilikuwa ya wote.

Lakini mama! Mama alikuwa kama mtu aliyepokea zawadi. Kila aliyekuja kumwona alimhadithia, neno kwa neno, hata kama ilimchukua asubuhi nzima: mdogo wangu amenililia. Nilimsomea na kitabu, sura kidogo kidogo kila Ijumaa. Alinisahihisha sana. Pale pa nahodha alicheka mpaka akakohoa, akasema nahodha mwenyewe hakuwa mrefu hivyo. Ila Ijumaa ikiisha, nikifunga mlango, swali ni lile lile. "Mdogo wangu amepiga?" Nilimpigia mama mdogo sijui mara ngapi. Akiisikia sauti yangu anakata. Mama alirekodi ujumbe wa sauti nikautuma kwa mkwe. Mkwe akasema mama mkwe wake amekataa kuusikiliza, ati asije akaambiwa ni tangazo jingine.

Mama alifariki siku chache kabla ya Iddi ya kuchinja, alfajiri, dada akimbadilisha shuka.

Nikashika simu kuwajulisha watu, kama mtu yeyote anavyofanya. Sikuwa na picha nyingine nzuri ya mama ila ile. Niliandika: Mama yetu ametutoka leo. Nikatuma. Na majibu yakaja, nawaambieni, yakaja haraka. "Hongera! Sehemu ya pili imetoka?" "Hii nayo bure?" "Linki tafadhali." Mmoja akaweka vikatuni vya moto. Wengine hawakujibu kabisa, walitabasamu huko waliko wakapita. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba nikisoma hongera za kifo cha mama yangu, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Nikampigia mama mdogo. Safari hii alipokea. Nilimwambia: mama mdogo, dada yako amefariki, tafadhali njoo. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, na huo upole ndio ulionikata: "Hiki kinaitwaje?" Akakata. Nilipopiga tena alikuwa amezima.

Ikabidi sheikh wetu ampigie sheikh wa kijiji chao, aende mwenyewe mguu kwa mguu nyumbani kwake. Hilo lilichukua muda. Jua lilikuwa limeshapanda mama mdogo alipoamini, na ule ni msimu wa upepo wa kusini, ziwa limechafuka, hakuna boti iliyothubutu kutoka kabla ya jioni. Niliwaomba wazee wangoje mpaka kesho. Niliwaomba kwa kuwashika miguu. Walinihurumia, lakini walisema maiti haingojewi, na mama yangu ndiye aliyesema vivyo hivyo kwa mama yake. Tukamwosha sisi, dada, mimi na wanawake wawili wa msikitini. Maji nilimimina mimi. Kila nilipoinamisha kata nilikuwa nawaza kwamba mkono huu si uliotakiwa. Baada ya swala ya alasiri wanaume wakambeba.

Mama mdogo alifika kesho yake mchana, amelowa mawimbi mpaka kichwani. Wanawake walijipanga kumdaka, tukijua atajitupa. Hakujitupa. Alipita katikati yetu macho makavu, akaenda mpaka chumbani, akalitazama godoro lililokunjwa kitandani.

"Nani alimwosha?"

"Sisi, mama mdogo."

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Ya uvuguvugu."

Akatikisa kichwa. Shangazi mmoja akamwambia alie, asijizuie, kulia si aibu. "Nilishamlilia," akajibu. Kisha akanigeukia mimi. "Nipe nguo alizofia."

Dada alikuwa amezifunga kwenye shuka pembeni, gauni la kulalia na khanga ile mpya ya Iddi. Mama mdogo alizichukua, akaomba beseni na sabuni ya mche, akashuka ziwani. Bomba lipo uani, hakuna aliyethubutu kumwambia. Nilimfuata kwa nyuma. Alipandisha nguo zake akaingia majini mpaka magotini, upepo bado unavuma, akaanza kufua. Nilisimama ukingoni muda mrefu kabla hajanisemesha, na aliponisemesha hakugeuka.

"Siku ile. Alikuwa ananicheka?"

"Hapana."

"Usinitungie hadithi. Nakujua kazi yako."

"Situngi, mama mdogo. Aliniambia mwenyewe baadaye. Ulipokuwa unaita 'dada,' alikuwa anakuitikia. Sauti ndiyo haikutoka."

Mikono yake ikasimama. "Anaitikiaje?"

"Bee," nikasema. "Kila ulipoita. Bee."

Wimbi likaja likamlowesha mpaka kiunoni, hakusogea. Kisha akaipaka ile khanga sabuni upya, ilhali ilikuwa imeshatakata, akaendelea kuifua.